MLIO MWEMBAMBA WA INVETA YA UMEME WA JUA: CHANZO CHAKE NA NAMNA YA KUUPUNGUZA

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi zinazotumia umeme wa jua hutokea jambo linaloleta ubishi. Mtoto wa miaka 14 hulalamika kwamba kile kisanduku kilichotundikwa ukutani kinalia usiku kucha kwa sauti nyembamba kama ya nyenje, hata usingizi humpaa. Baba yake husogea, hutega sikio, na hasikii kitu. Ndipo mtoto huambiwa kwamba anatafuta kisingizio. Jambo hilo hilo hutokea shuleni. Wanafunzi husema kwamba hawawezi kujisomea jioni katika chumba kilicho karibu na inveta. Na mwalimu, ambaye kwake chumba hicho ni kimya kabisa, huona kuwa ni uvivu tu.

Katika ubishi wa namna hii pande zote mbili huweza kuwa zinasema kweli. Upande mmoja unaisikia sauti iliyopo. Upande wa pili hauisikii kwa sababu masikio yake hayaifikii tena. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa sayansi inawaunga mkono.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi umeme unavyogeuka kuwa sauti ndani ya inveta, kwa nini sauti hiyo husikiwa na baadhi ya watu tu, namna ya kuupima ukweli wa malalamiko bila ya kumwonea mtu, na hatua zinazoweza kuchukuliwa ili mlio upungue bila ya kuhatarisha maisha wala chombo. Mambo yanayotajwa yamo katika mafunzo ya fizikia ya shule za sekondari: mawimbi, sumaku ya umeme, ukinzani na nishati.

2. Kazi ya inveta

Paneli ya jua hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, yaani mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Betri nayo huhifadhi na kutoa umeme wa aina hiyo hiyo, kwa kawaida wa volti 12, 24 au 48. Lakini televisheni, jokofu, pasi na vyombo vingine vingi vya nyumbani vimetengenezwa kwa ajili ya mkondo geu. Katika Afrika ya Mashariki mkondo huo ni wa volti 230 hadi 240, nao hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Ndiyo kusema masafa yake ni hezi 50. Inveta ni chombo kinachobadili mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu.

Kazi hiyo hufanywa na transista zinazotumika kama swichi. Katika inveta za aina nyepesi, transista huuelekeza mkondo upande huu, kisha upande wa pili, mara 50 kwa sekunde, na volti inayotoka hupanda na kushuka kwa ghafla kama ngazi badala ya kupinda taratibu kama wimbi la bahari. Katika inveta zilizo bora zaidi, transista huwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa mno, mara maelfu mengi kwa sekunde. Muda wa kila pigo hupimwa: mapigo hurefushwa pale ambapo volti inatakiwa iwe kubwa, na kufupishwa pale inapotakiwa iwe ndogo. Koili na kapasita huyalainisha mapigo hayo hata yakawa wimbi laini la hezi 50.

Ikichukuliwa kwamba transista zinawashwa mara 16,000 kwa sekunde, basi katika mzunguko mmoja wa hezi 50, ambao huchukua sekunde 0.02, yatakuwamo mapigo 320. Wimbi moja linalofika kwenye taa limejengwa kwa vipande 320. Katika vipande hivyo ndimo unamoanzia mlio unaozungumzwa.

3. Jinsi umeme unavyogeuka kuwa sauti

Sauti ni mtetemo unaosafiri hewani. Ili chombo kitoe sauti, ni lazima sehemu fulani ya chombo hicho itikisike. Transista yenyewe haitikisiki kwa kiasi cha kusikika; sehemu zilizo jirani nayo ndizo zitikisikazo. Ziko nne.

Ya kwanza ni nyaya za koili na transfoma. Mwaka 1820 mwanasayansi wa Ufaransa, André-Marie Ampère, alionyesha kwamba nyaya mbili zinazopitisha mikondo inayoelekea upande mmoja huvutana. Katika koili, waya umezungushwa mara nyingi, na kila mzunguko huuvuta mwenzake kila mkondo unapopita. Mkondo ukiwa wa mapigo, mvuto nao huwa wa mapigo, na nyaya zisizobanwa vizuri hutetemeka kama uzi wa zeze. Inafaa ikumbukwe kwamba mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezeka mara 2, mvuto huongezeka mara 4. Ndiyo sababu baadhi ya inveta hulia zaidi pasi inapowashwa.

Ya pili ni kiini cha chuma au cha feriti kilichomo ndani ya koili. Mwaka 1842 James Joule wa Uingereza aligundua kwamba chuma hubadili urefu wake kidogo kinapotiwa sumaku. Badiliko hilo ni sehemu chache tu kwa milioni, lakini sikio la binadamu ni jepesi mno kuhisi mitetemo midogo. Badiliko hilo halijali sumaku imeelekea wapi. Chuma kilichorefuka sumaku ilipoelekea kaskazini hurefuka tena sumaku inapoelekea kusini. Kwa hiyo mkondo wa hezi 50 hukitetemesha chuma mara 100 kwa sekunde, na transfoma huvuma kwa masafa ya hezi 100. Huo ndio mvumo mzito unaosikika hata katika transfoma kubwa za mtaani.

Ya tatu ni kapasita za seramiki. Mwaka 1880 ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Na baadaye ilithibitika kwamba kinyume chake ni kweli pia, yaani zikipewa umeme hujinyoosha na kujikunja. Seramiki zinazotumika katika kapasita nyingi ndogo zina tabia inayofanana na hiyo. Kapasita yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele, lakini imegundishwa juu ya ubao mwembamba wa saketi. Nao ubao hutikisika pamoja nayo kama wambo la ngoma.

Ya nne ni feni ya kupoza. Hii haihusiani na mapigo ya transista. Feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 40 kwa sekunde hutoa sauti ya masafa ya hezi 280. Vumbi likishika mapanga au mafuta ya beringi yakikauka, sauti hiyo huongezeka na kuwa ya mkwaruzo.

Pamoja na hizo nne, ukuta au ubao uliobeba inveta huweza kuikuza sauti. Uzi wa zeze peke yake hausikiki mbali. Kibuyu chake ndicho kinachoipeleka sauti hadi mwisho wa uwanja. Vivyo hivyo, inveta iliyopigiliwa kwenye ubao mwembamba, kwenye mlango wa kabati au kwenye bati hulia zaidi kuliko ile ile ikifungwa kwenye ukuta wa matofali.

4. Kwa nini mlio ni mwembamba

Wembamba wa sauti hutegemea masafa yake. Mlio wa mbu huwa wa hezi 400 hadi 600 hivi. Transista zikiwashwa mara 8,000 kwa sekunde, koili itatetemeka kwa masafa hayo au kwa vizidishi vyake, na mlio wake utakuwa mwembamba kuliko wa mbu kwa mbali sana.

Mtu huweza kuuliza: kwa nini watengenezaji wasiziwashe transista kwa masafa yanayozidi hezi 20,000, ambayo hakuna binadamu ayasikiaye? Wengi hufanya hivyo. Lakini kila mara transista inapowaka au kuzimika, kiasi kidogo cha nishati hupotea na kuwa joto. Mara zikiongezeka, joto nalo huongezeka. Katika inveta kubwa hasara hiyo ni nzito, na mtengenezaji huweza kuchagua masafa madogo zaidi yaliyomo ndani ya uwezo wa sikio. Ukimya na ufanisi hushindana, na kila inveta ni suluhu ya mashindano hayo.

Kuna hali nyingine inayowashangaza wengi: inveta iliyo kimya ikibeba mzigo mkubwa huanza kulia usiku, taa moja tu inapobaki. Sababu ni kwamba baadhi ya inveta na chaja, zikiwa na mzigo mdogo, hujipumzisha ili kuokoa nishati. Hutoa kundi la mapigo, hunyamaza, kisha hutoa kundi jingine. Mapigo yenyewe huweza kuwa ya hezi 40,000, lakini makundi yakija mara 3,000 kwa sekunde, sikio litasikia sauti ya hezi 3,000. Tena hapo ndipo sikio la binadamu lilipo jepesi kuliko kwingine kote, yaani kati ya hezi 2,000 na 5,000. Usiku nao huwa kimya, na hakuna sauti nyingine ya kuufunika mlio huo.

5. Sikio la kijana na sikio la mtu mzima

Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti za masafa kati ya hezi 20 na hezi 20,000. Ndani ya sikio kuna mfereji uliojikunja kama gamba la konokono, uitwao koklea, wenye maji na maelfu ya seli zenye vinyweleo. Georg von Békésy, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1961, alionyesha jinsi wimbi linavyosafiri ndani ya koklea: sauti nyembamba hufikia kilele chake karibu na mlangoni, na sauti nzito hufikia kilele karibu na mwisho wa mfereji.

Seli zilizo karibu na mlango, ambazo ni za sauti nyembamba, ndizo huanza kufa kadiri umri unavyoongezeka, na kelele nyingi za viwandani au za muziki huharakisha kifo chake. Seli hizo zikifa hazioti tena. Watu wengi waliopita miaka 50 hawasikii vizuri sauti zinazozidi hezi 12,000, ingawa huzungumza na kusikilizana bila shida, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno ya binadamu imo katika masafa madogo zaidi.

Mfano mmoja utakumbukwa na wazazi wengi. Televisheni za zamani, zile zenye kioo kizito cha mgongo mrefu, zilichora mistari 625 kwa kila picha, picha 25 kwa sekunde. Transfoma iliyokuwamo ndani ilitetemeka mara 625 × 25, yaani hezi 15,625. Watoto waliweza kujua kwamba televisheni ya jirani imewashwa hata kabla ya kuiona picha, na babu zao hawakusikia lolote. Watoto waliokuwa wakisikia mlio ule ndio wazazi wa leo wasiousikia mlio wa inveta. Paka na mbwa husikia masafa makubwa zaidi kuliko binadamu yeyote, hivyo chumba kinachodhaniwa ni kimya huweza kuwa na kelele kwao.

Je, mlio huo unadhuru? Kelele zinazojulikana kuharibu masikio ya wafanyakazi ni zile za desibeli 85 na kuendelea kwa saa 8 kila siku. Inveta ya nyumbani kwa kawaida haifiki huko. Lakini kudhuru masikio ni jambo moja, na kusumbua akili ni jambo jingine. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 ulipendekeza kwamba kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala usiku isizidi desibeli 30, na ndani ya darasa wakati wa masomo isizidi desibeli 35. Mlio mdogo usiokoma huweza kuyapita mapendekezo hayo, na mwanafunzi aliyekosa usingizi usiku kucha hana la kumfaa darasani asubuhi.

6. Jaribio la kuamua ubishi

Mwalimu au mzazi asiyeusikia mlio anaweza kuupima ukweli wa malalamiko kwa jaribio rahisi lisilohitaji chombo cha thamani.

Vifaa: inveta, sarafu moja, karatasi na kalamu.

Utaratibu: Msikilizaji hutolewa nje ya chumba na kupelekwa mbali kiasi cha kutosikia chochote. Mtu wa pili hurusha sarafu. Ikiangukia upande wa kichwa, inveta huwashwa. Ikiangukia upande wa pili, huzimwa. Taa za inveta hufunikwa kwa kitambaa chepesi kilichowekwa mbele yake bila kuziba matundu ya hewa, na vyombo vyote vinavyotumia umeme wake huzimwa ili visitoe siri. Mwendesha jaribio huondoka kwa mlango mwingine au hukaa nyuma ya pazia, asije akaonyesha jibu kwa uso wake. Msikilizaji huingia, hukaa mahali pake pa kawaida, na huandika: "inalia" au "hailii". Jaribio hurudiwa mara 10.

Anayebahatisha hupata wastani wa majibu 5 sahihi kati ya 10. Uwezekano wa kubahatisha yote 10 ni nusu iliyozidishwa kwa nusu mara kumi, yaani 1 kati ya 1,024. Kwa hiyo mwanafunzi anayepata yote 10 hawezi tena kuitwa mzushi, hata kama mwalimu hasikii kitu. Kwa upande wa pili, anayepata 5 au 6 huenda anasumbuliwa na jambo jingine, nalo pia lastahili kutafutwa kwa upole.

Simu ya mkononi yenye programu ya kuchora masafa ya sauti huweza kutumika kama shahidi wa tatu. Simu huwekwa mahali pamoja, na mchoro wa inveta ikiwa imewashwa hulinganishwa na mchoro wa inveta ikiwa imezimwa. Mstari unaotokea na kutoweka pamoja na inveta ndio mlio wenyewe, na masafa yake husomwa hapo hapo.

7. Kutafuta chanzo

Kabla ya kuondoa mlio ni lazima kujua unatoka wapi. Kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja hufaa sana: ncha moja huwekwa sikioni, na nyingine hupitishwa karibu na vyombo mbalimbali bila kugusa nyaya. Mara nyingi hugunduliwa kwamba anayelia si inveta bali kidhibiti cha chaji, chaja ya simu, au hata taa yenyewe. Kisha mzigo na saa hubadilishwa, na dalili huandikwa kama ifuatavyo:

Mlio upo mchana tu, betri inapokaribia kujaa: chanzo yaelekea ni kidhibiti cha chaji, ambacho hukatakata mkondo wa paneli ili betri isijae kupita kiasi.

Mlio upo mzigo ukiwa mdogo tu, na hupotea taa ya pili ikiwashwa: ni mapigo ya makundi, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 4.

Mlio huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka: ni nyaya za koili au transfoma.

Mvumo mzito unatoka katika feni ya dari au redio, si katika inveta: inveta inatoa wimbi la ngazi. Wimbi kama hilo limechanganyika na mawimbi ya masafa makubwa zaidi ya hezi 50, nayo ndiyo huvitikisa vyombo. Katika kitabu chake cha mwaka 1822 Joseph Fourier alieleza jinsi umbo lolote linalojirudia linavyoweza kugawanywa kuwa mawimbi laini ya namna hiyo.

Mlio wa kukatikakatika, "pii, pii, pii": huo si hitilafu ya koili bali ni onyo, kwa kawaida la betri kuishiwa au la mzigo kuzidi. Dawa yake ni kupunguza mzigo na kuiacha betri ijae.

8. Namna ya kupunguza mlio

Kwanza, mahali ilipofungwa inveta pakaguliwe. Skrubu zilizolegea zikazwe inveta ikiwa imezimwa. Ikiwa imefungwa kwenye ubao au bati, ihamishiwe kwenye ukuta wa matofali, na vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka katika tyubu ya gurudumu viwekwe kati yake na ukuta, penye skrubu.

Pili, inveta iondolewe katika chumba cha kulala au cha kusomea. Mahali palipo wazi, umbali ukiongezeka mara 2 sauti hupungua kwa desibeli 6. Mlio wa desibeli 42 kwa umbali wa mita 1 utakuwa wa desibeli 36 kwa mita 2, na desibeli 30 kwa mita 4. Ndani ya nyumba kuta huirudisha sauti, hivyo upungufu huwa mdogo zaidi. Lakini mlio mwembamba una udhaifu wake. Kasi ya sauti hewani ni karibu mita 340 kwa sekunde. Urefu wa wimbi la hezi 100 ni mita 3.4, nalo hupinda kona na kupita milangoni kwa urahisi. Urefu wa wimbi la hezi 8,000 ni sentimita 4.25 tu, wimbi hilo halipindi kona vizuri, huzuiwa na ukuta, na humezwa na mapazia na magodoro. Kuihamishia inveta upande wa pili wa ukuta, au hata nyuma ya kona ya ujia, mara nyingi hutosha.

Hapa lipo kosa ambalo hufanyika mara kwa mara. Inveta inapohamishwa, huachwa betri mahali pake na nyaya za betri hurefushwa. Hesabu itaonyesha ubaya wake. Inveta yenye ufanisi wa asilimia 90 inayotoa wati 450 huchukua wati 500 kutoka katika betri. Kwa volti 12, mkondo ni 500 ÷ 12, yaani ampea 41.7. Nyaya za shaba za milimita mraba 16, zikirefushwa kwa mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, huongeza ukinzani wa omu 0.0108 hivi. Hasara ni kipeo cha pili cha mkondo mara ukinzani, yaani karibu wati 19, na volti karibu nusu hupotea njiani. Lakini umbali huo huo ukirefushwa upande wa volti 230, mkondo ni ampea 1.96 tu, waya mwembamba wa milimita mraba 1.5 wenye ukinzani wa omu 0.115 utapoteza chini ya nusu ya wati moja. Kwa hiyo kanuni ni hii: betri na inveta zihame pamoja, na waya unaorefushwa uwe ule unaokwenda kwenye taa.

Hata hivyo inveta isiwekwe juu kabisa ya betri za risasi na asidi wala pamoja nazo ndani ya sanduku lililofungwa. Betri hizo hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa, na gesi hiyo ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja. Chumba kiwe na matundu ya hewa karibu na dari, kwa kuwa haidrojeni ni nyepesi na hupanda juu.

Tatu, ikiwa mlio hutokea mzigo ukiwa mdogo, inveta izimwe usiku na taa ya chumbani iwe ya mkondo mnyoofu inayochukua umeme moja kwa moja kutoka katika kidhibiti cha chaji. Njia hii huokoa pia nishati, kwani inveta iliyowashwa hutumia umeme hata isipobeba kitu. Anayenunua inveta ya wati 3,000 kwa ajili ya taa tatu na redio hununua hasara na kelele pamoja.

Nne, ikiwa vyombo ndivyo vinavyovuma kwa sababu ya wimbi la ngazi, tiba ya kweli ni inveta ya wimbi laini. Kabla ya gharama hiyo, inafaa kwanza kuhakikisha kwa jaribio kwamba chombo kile kile hakivumi kinapotumia umeme wa gridi au wa inveta ya jirani.

Tano, anayekwenda dukani kununua inveta aombe iwashwe bila mzigo, kisha kwa taa moja, kisha kwa mzigo mkubwa. Na kama masikio yake ni ya mtu mzima, aende na kijana.

9. Tahadhari

Inveta isifunikwe kwa blanketi, godoro wala sanduku ili kuinyamazisha. Katika mfano uliotangulia, wati 50 hugeuka joto ndani yake, na joto lisipopata pa kutokea, transista huungua na moto huweza kuanza. Kizuizi cha sauti, kama ni lazima, kiwe ubao uliosimama mbali na inveta, wazi juu na pembeni, kwa nafasi inayotajwa katika kitabu cha maelezo cha chombo.

Inveta isifunguliwe na mtu asiye fundi ili kumimina gundi au nta kwenye koili. Kilele cha wimbi la volti 230 ni volti 325, na kapasita zilizomo ndani huweza kubaki na volti kama hizo kwa muda hata baada ya chombo kuzimwa na betri kuondolewa. Umeme huo huweza kuua.

Mlio ulioanza ghafla katika inveta iliyokuwa kimya, hasa ukifuatana na harufu ya kuungua, joto lisilo la kawaida au taa kuyumba, si usumbufu tu bali ni dalili ya hatari. Vyombo vizimwe kwanza, kisha inveta, kisha paneli zikatwe, na mwisho betri. Halafu fundi aitwe. Hapo mtoto aliyesema "inalia" huwa ameiokoa nyumba.

10. Hitimisho

Mlio wa inveta ni umeme uliogeuka mtetemo katika nyaya, chuma na seramiki. Huweza kupunguzwa kwa kuifunga inveta kwenye ukuta imara, kuihamisha pamoja na betri yake, kuchagua ukubwa unaolingana na mzigo, na kuizima isipohitajika. La muhimu zaidi ni kwamba kutoisikia sauti si ushahidi kwamba sauti haipo. Panapokuwa na ubishi, sarafu na majaribio kumi huamua kwa haki kuliko cheo au umri.

Maswali na mazoezi

1. Kokotoa urefu wa wimbi la sauti ya hezi 16,000 ikiwa kasi ya sauti ni mita 340 kwa sekunde. Eleza kwa nini ukuta mfupi huweza kuikinga sauti hiyo kuliko mvumo wa hezi 100.

2. Rudia hesabu ya sehemu ya 8 kwa betri ya volti 24. Hasara katika nyaya za betri inapungua mara ngapi? Toa sababu.

3. Mwanafunzi alipata majibu 7 sahihi kati ya 10 katika jaribio la sarafu. Onyesha kwamba uwezekano wa kupata 7 au zaidi kwa kubahatisha ni 176 kati ya 1,024. Je, matokeo hayo yanatosha kuamua? Jaribio lifanyweje ili liamue?

4. Eleza kwa nini transfoma ya mkondo wa hezi 50 huvuma kwa hezi 100.

5. Kagua inveta au chaja moja iliyo nyumbani au shuleni bila kuifungua. Andika dalili zake mzigo unapobadilika, kisha pendekeza chanzo cha sauti na hatua moja ya kuipunguza.

Majibu ya hesabu: 1. Sentimita 2.1. 2. Mara 4, kutoka karibu wati 19 hadi wati 4.7.